Paul Brand, munganga aliyetafuta ni nini inakula vidole vya wagonjwa wa ukoma

Katika kipindi chetu cha afya cha wiki iliyopita, mama mumoja alitupigia simu na swali lenye tulishindwa kujibu pale pale. Mujomba wake aliugua ukoma zamani. Alimeza dawa zote, na kwenye kituo cha afya wakamuambia kama amepona. Lakini vidole vyake vimejikunja kama makucha ya kuku, na kadiri miaka inapita vinazidi kuwa vifupi. Mama aliuliza: ikiwa ugonjwa umekwisha, basi ni nini ingali inakula vidole? Nyumbani wameanza kumutengea sahani na kikombe chake, juu wanawaza kama dawa zilimudanganya.

Swali hilo kuna munganga aliyelibeba maisha yake yote. Jina lake ni Paul Brand, na jibu la yule mama linapitia kwake. Ndiyo maana tunaandika historia yake hapa.

Brand alizaliwa tarehe 17 Julai 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India. Baba yake Jesse na mama yake Evelyn walikuwa wamisionere Waingereza. Katika milima ile hakukuwa hopitali, kwa hiyo baba, mwenye alikuwa fundi wa kujenga na alijifunza utabibu kidogo tu, ndiye alitibu homa, alingoa meno na kuosha vidonda vya watu. Mutoto Paul aliona yote hayo na hakuyapenda hata kidogo. Usaha na damu vilimuchafua roho. Siku moja watu watatu wenye ukoma walipanda mulima kutafuta musaada. Baba yake, mwenye kila siku alishika vidonda kwa mikono mitupu, siku ile alivaa glavu, na watoto waliambiwa wakae mbali. Mutoto hasahau kitu kama hicho.

Mwaka wa 1923, akiwa na miaka 9, walimutuma Uingereza kwa masomo pamoja na dada yake mudogo. Hakumuona tena baba yake. Mwaka wa 1929 Jesse Brand alikufa kule mulimani kwa ile homa ya malaria yenye kugeuza mukojo kuwa mweusi. Habari ya kifo ilifika kwa simu ya maandishi, lakini barua zilikuwa zinasafiri kwa meli. Kwa hiyo wiki nyingi kisha kilio, mutoto aliendelea kupokea barua za baba yake zenye kumueleza juu ya miti na ndege za mulimani.

Alipomaliza shule alikataa kusomea kazi ya munganga. Alijifunza kujenga: kuchonga mbao, kupanga mawe, kupiga randa. Alifanya hivyo karibu miaka mitano, na watu wengi wanaosimulia maisha yake wanapita hapo haraka kama vile alipoteza wakati. Sisi tunaona tofauti. Fundi wa mbao anajua jinsi kamba inavyovuta, jinsi kitu kinavyoteleza juu ya kingine, na anajua kama kifaa kikiwa na muchirizi mubaya kitakata mukono wa mwenye kukishika. Bila ile miaka mitano, hayo mengine tutakayoeleza pengine hayangetokea.

Kisha fundi huyo alifuata masomo mafupi ya utabibu ya wamisionere, na usiku mumoja katika hopitali ya London aliona mwanamuke mweupe kama karatasi, karibu kufa, akirudishiwa damu chupa kwa chupa mupaka akafungua macho na kuomba maji. Kuanzia hapo damu haikumuchukiza tena. Mwaka wa 1937 aliingia masomo ya kuwa munganga kwenye University College Hospital. Vita ilipoanguka juu ya London, yeye na wenzake walikuwa wanapokea wenye kujeruhiwa kwa mabomu usiku na muchana, na hapo ndipo alijifunza kupasua. Mwaka wa 1943 alioa Margaret Berry, mwenye walisoma naye.

Mwaka wa 1946 alirudi India, kwenye hopitali kubwa ya Vellore yenye ilikuwa pia shule ya wanganga. Aliyemusukuma kwenda alikuwa Robert Cochrane, mutaalamu wa ukoma. Brand hakuwa na mupango wowote wa kutibu ukoma. Alikuwa munganga wa mifupa, basi.

Lakini mwaka wa 1947 Cochrane alimutembeza katika makao ya wagonjwa wa ukoma pale Chingleput, karibu na muji wa Madras. Cochrane alikuwa anamuonyesha ngozi: angalia doa hili, angalia lile. Brand alikuwa anaangalia mikono. Mamia ya watu, na karibu kila wa pili ana vidole vilivyojikunja au vilivyobaki vipande. Akauliza juu ya nini inakuwa hivyo na ni nani anashugulikia mikono hiyo. Cochrane akamujibu kama hakuna. Yeye ni mutu wa ngozi, na wanganga wa mifupa hawajawahi kuja kuangalia. Kumbuka kama wakati ule watu waliougua ukoma walihesabiwa kwa mamilioni, na mududu wake, bakteria iliyogunduliwa na Hansen wa Norvege mwaka wa 1873, ilijulikana kwa zaidi ya miaka 70.

Pale pale Brand alisimamisha kijana mumoja mwenye vidole vyake vilikuwa vimejikunja kabisa, akatia mukono wake ndani ya ule wa kijana na kumuomba akaze. Aliwaza atasikia kitu kilegevu. Kijana akakaza mupaka Brand akalia kwa maumivu na kumusihi amuachilie. Kijana yule hakujua kama anaumiza mutu. Hakusikia kitu.

Tusimame hapo kidogo, juu ndani ya mukono wa kijana yule mulikuwa mambo mawili. La kwanza: mukono haukuwa umekufa. Kuna misuli yenye nguvu kabisa. La pili: mwenye mukono hajui nguvu hiyo inafanya nini.

Ili tuelewane, tutenganishe maneno. Sisi huku kila kitu tunaita mushipa. Lakini kuna mishipa ya damu, yenye kupeleka damu. Kuna mishipa ya fahamu, yenye kuleta habari kwenye ubongo (hii ni moto, hii inachoma) na kurudisha amri kwa misuli. Na kuna kano, zile kamba nyeupe ngumu zenye kufunga musuli kwenye mufupa. Unaziona zikicheza nyuma ya kiganja ukitikisa vidole. Ukoma unaua mishipa ya fahamu. Damu inabaki, kano zinabaki, hata misuli mingi inabaki.

Brand alitaka kujua ni mushipa gani wa fahamu unakufa na mahali gani. Mugonjwa mumoja alipokufa Chingleput na ruhusa ikapatikana, Brand na wasaidizi walisafiri na kupasua maiti ile usiku kucha kabla izikwe, wakifuata mishipa ya fahamu yote kutoka bega mupaka vidole, kutoka kiuno mupaka muguu. Waliona ajabu. Mishipa haikuharibika kila mahali. Ilikuwa imevimba katika sehemu fulani tu: kwenye kiwiko, pale mukono unajikunja katikati, kwenye kifundo cha mukono, pale tunavaa saa, pembeni ya goti, kwenye kifundo cha muguu, kwenye uso. Ni zile sehemu mushipa unapita karibu na ngozi, kwenye baridi, na mududu wa ukoma anapenda baridi. Ukigonga kiwiko kwenye mulango unasikia kama umeme mupaka kidole cha mwisho, si ndiyo? Ni mushipa ule ule.

Kutokana na hapo hesabu ilikuwa wazi. Misuli midogo yenye kukaa ndani ya kiganja inapata amri zake kupitia kiwiko na kifundo, kwa hiyo inakufa. Misuli mikubwa yenye kuanzia karibu na kiwiko inapata matawi yake juu zaidi ya mahali palipoharibika, na wingi wake inabaki hai. Ile midogo ndiyo inasaidia kunyoosha vidole. Ikikufa, mikubwa inavuta peke yake, na vidole vinajikunja vinabaki hivyo. Na kwa sababu ugonjwa unafuata njia ile ile kwa karibu kila mugonjwa, munganga anaweza kujua mapema ni musuli gani utabaki hai, na kuutumia.

Ndiyo kazi aliyoifanya. Kila kidole kina kano mbili za kukikunja, moja juu na ingine chini. Brand alichukua ile ya juu ya kidole kimoja, akaikata mwisho wake, akaigawanya kuwa nyuzi nne, akazipitisha ndani ya kiganja na kuzishona kila moja pembeni ya kidole chake. Baadaye alibadilisha: alitumia musuli wa nyuma ya mukono, ule wenye kuinua kifundo, akaurefusha na vipande vya kano vilivyotolewa kwenye muguu. Wanganga wengine walikuwa wamekwisha kuhamisha kano mbele yake kwa watu wenye kujeruhiwa au kupooza. Lakini kwa ukoma hakuna aliyejaribu kwa mupango kama huo, juu wengi walisadiki kama nyama ya mwenye ukoma ni mbovu, ukiipasua haitapona. Yeye aliipasua, ikapona kama nyama ya mutu mwingine yeyote.

Kisha wiki tatu hivi ndani ya plasta, mazoezi yalianza, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupasua. Ubongo lazima ufunzwe upya. Musuli wenye tangu kuzaliwa ulikuwa unafanya kazi moja, sasa unaambiwa ufanye ingine. Mugonjwa anakaa anaangalia kidole chake na kukiamuru, hakisogei, anaamuru tena, kesho kinatikisika kidogo. Wengine walikuja na mikono yenye hawakuweza kushika chakula, wakarudi wanakula kwa vidole vyao.

Lakini hapo Brand alipata kipigo. Baadhi ya wale wenye alifungulia mikono walirudi kulalamika. Mikono ni mizuri, walisema, ila sasa hawapati kitu tena barabarani. Mikono iliyojikunja ndiyo ilikuwa inawalisha. Watu walikuwa wanahurumia. Sasa mikono imefunguka, na hakuna mutu anayewapa kazi juu angali anajulikana kama ni mugonjwa wa ukoma, hata nyumba ya kulala hapati. Tuliposoma hiyo tulikaa kimya katika studio. Munganga anaweza kufikiri kazi yake inaisha pale uzi wa kushona unatolewa.

Kwa hiyo alianzisha karibu na Vellore kijiji kidogo cha nyumba za udongo kilichoitwa Kituo cha Maisha Mapya, na ndani yake karakana. Yule fundi wa zamani alirudi. Aliwafundisha wagonjwa kuchonga vitu vya watoto vya kuchezea, kwa mbao, ili wapate franga na wajifunze kutumia mikono yao mipya bila kuiharibu.

Na hapo ndani ya karakana ndipo jibu la swali la mama yetu lilionekana.

Vidole viliendelea kuwa vifupi. Wagonjwa walikuwa wanameza dawa za wakati ule, mududu ametoweka, na bado kila asubui kuna kidonda kipya. Kama vile fundi anayetafuta tundu la maji kwenye paa, Brand aliamua kila kidonda kiandikwe na kitafutiwe sababu yake. Hapana kusema ni ukoma. Ni nini? Huyu alishika sufuria moto bila kujua. Yule aligongagonga na nyundo yenye muchirizi umepasuka, vipande vikaingia ndani ya kiganja. Mwingine aliweka mukono kwenye kioo cha taa. Siku moja Brand mwenyewe alikuwa anashindwa kufungua kufuli yenye kutu, mutoto mumoja mugonjwa akamuomba ajaribu, akazungusha ufunguo mara moja, kufuli ikafunguka. Brand akaangalia chini, akaona damu: ufunguo ulikuwa umekata kidole cha mutoto karibu kufikia mufupa, na mutoto anacheka, amefurahi kwa sababu amesaidia.

Ikabakia wale wenye walilala na vidole kamili na kuamuka kipande kimepotea. Hiyo iliwashinda, mupaka mutu mumoja alikesha akaona. Ilikuwa panya. Panya anakuja usiku, anatafuna kidole, mwenye kidole analala usingizi wake. Tangu siku ile kila mugonjwa aliyerudi nyumbani alipewa paka.

Kumbe ukoma hauli vidole. Unazima taarifa tu. Halafu moto, msumari, panya na kazi ya kila siku vinafanya yaliyobaki. Sisi wenye kusikia maumivu hatujui ni mara ngapi kwa siku tunaondoa mukono kwenye mbabula kabla hata ya kuwaza.

Tusifikiri kama mutu huyu hakuogopa. Usiku mumoja, kisha safari ndefu, alifika London amechoka, akavua soksi na kuona kama hasikii kitu kwenye kisigino. Akachukua pini akajichoma. Hakuna. Akasukuma zaidi, damu ikatoka, hakuna maumivu. Alilala usiku ule bila usingizi, akihesabu: ataishi mbali na bibi yake, na watoto hawatamukaribia tena. Asubui alijichoma tena na akapiga kelele. Ilikuwa tu mushipa uliofinywa na kukaa muda murefu ndani ya treni. Yeye mwenyewe alieleza kama hajawahi kufurahia maumivu kama siku ile. Lakini tunaona pia jambo lingine: mutu mwenye alijua kuliko wote kama ukoma unatibika na kama hauambukizi kwa urahisi, usiku ule alifikiria kujitenga, sawasawa na ile familia yenye kutenga sahani.

Margaret, bibi yake, alisomea macho. Juu ukoma unaua pia mushipa wenye kufunga kope. Mutu hapepesi tena, jicho linakauka, linapofuka. Walizaa watoto sita katikati ya kazi hiyo yote.

Mwaka wa 1952 alialikwa kufundisha mbele ya wanganga wapasuaji wakubwa wa London juu ya kutengeneza mikono ya wagonjwa wa ukoma. Mwaka wa 1960 alipata tuzo ya Albert Lasker. Aliingia pia kati ya wale walioanzisha kituo cha ALERT kule Addis Ababa mwaka wa 1965, ili wanganga na wauguzi wa Afrika yote wajifunze kazi hii karibu na kwao. Na upasuaji wa namna hii, wa kuhamisha kano hai kusaidia pale palipokufa, haubaki kwa ukoma tu. Unatumika kwa mutu aliyekatwa na panga kwenye kifundo, kwa aliyeanguka na pikipiki na mushipa wa mukono ukakatika, wakati mushipa wenyewe haukuweza kuunganishwa au umechelewa sana.

Kuanzia 1966 alifanya kazi Carville, katika jimbo la Louisiana, kwenye hopitali ya ukoma ya serikali ya Marekani. Huko alijaribu kutengeneza maumivu ya bandia: glavu zenye vipimo vyenye kupiga kelele, na kisha kutoa umeme wa kuchoma, mugonjwa akikaza kitu kupita kiasi.  Shida kubwa ilikuwa watu. Mugonjwa akitaka kumalizia kufunga skrubu ngumu, alizima kwanza mashine, akafunga, akaiwasha tena. Brand akaelewa kama maumivu yanatulinda sababu hatuna mahali pa kuyazima. Kwa hiyo alirudi kwenye njia za zamani: viatu vizuri, mishiko ya vifaa iliyonenepeshwa, na kujikagua mikono na miguu kila jioni kwa macho, juu macho ndiyo yanabaki kufanya kazi ya ngozi. Wagonjwa wa sukari wenye miguu isiyosikia wanafundishwa hivyo hivyo.

Alipumuzika kazi mwaka wa 1986, akahamia Seattle. Alikufa huko tarehe 8 Julai 2003, akiwa na miaka 88.

Congo ingali kati ya inchi za Afrika zenye kupata wagonjwa wapya wengi wa ukoma kila mwaka. Dawa zake zinatolewa bure, na doa lisilosikia hata ukiligusa na unyoya ndilo la kupeleka kwenye kituo cha afya mbele vidole havijaanza kujikunja.

Jumatatu tulimupigia simu yule mama. Tulimueleza kama mujomba aliyemaliza dawa zake haambukizi mutu, sahani yake irudi pamoja na zingine, na kama mambo ya kutafuta ni mbabula, sufuria, mipini ya jembe na panya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kama ni kweli, mujomba ndiye anapenda kugeuza makala kwa mikono, na wote walikuwa wanasema ni ujasiri. Halafu akauliza kama vidole vile vingali vinaweza kufunguliwa. Tulimuuliza munganga mwenye tunafanya naye kipindi. Alisema jambo la kwanza ni kujua kama viungo vya vidole vimekauka: mutu mwingine akivishika polepole, vinanyooka au vimekwama? Vikinyooka, inafaa kwenda kumuona munganga mupasuaji, hata kama miaka imepita.

Mama alisema atajaribu jioni, mujomba akitoka shambani.